Cheo cha Ngalula Mbele ya Mama Yake

Papa Ilunga,

Juzi nilisimama mahali pako. Ndiyo, pale mbele ya kanisa letu, mikrofoni mkononi, kwa kazi uliyoifanya weye peke yako miaka yote: mgeni anafika na wasifu wake wa Kiingereza, unausoma kimya, halafu unawaambia watu wa Likasi kwa Kiswahili huyu ni nani. Tangu tulipokuzika hakuna aliyethubutu. Pasta alinitazama minye, mwanafunzi wako, akasema, "Ni weye sasa." Eh, Papa! Nikaipokea.

Mgeni mwenyewe ni mtoto wa hapa. Ngalula, binti wa yule mama anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Anafundisha chuo kikuu huko Afrika Kusini. Unakumbuka masengenyo: majirani walimwambia mama yake kwamba mtoto bado ni asistanti tu, kazi kumbebea profesa mabuku, na shule haiishi. Yule mama hajui Kiingereza wala Kifaransa. Aliendelea kupanga samaki wake.

Wasifu ulifika kwenye simu ya pasta asubuhi ileile. Ngalula alikuwa njiani kutoka Lubumbashi, simu yake haipatikani. Nikafungua. Mstari wa kwanza: "assistant professor". Kwetu asistanti yuko chini kabisa ya ngazi, hata udaktari hajapata. Ningesoma hivyo, ningemvunja yule mama mbele ya majirani zake, na kwa kinywa changu.

Hapo ndipo nilipokusikia. "Mama," (uliniita mama tangu nikiwa bado kasichana ka shule), "usitafsiri neno, tafsiri muntu. Uliza kwanza: huyu muntu anatumikaka kazi gani?" Nikaendelea chini, polepole, ulivyonizoesha. Ana udaktari. Ana darasa lake mwenyewe. Anasimamia watu wanaotafuta udaktari. Asistanti gani huyo? Kwao, hiyo ni ngazi ya kwanza ya uprofesa wenyewe! Mbele kidogo wameandika kwamba anavaa kofia nyingi. Nikacheka peke yangu, maana ulishatuambia kwamba Waingereza wakisema hivyo wanahesabu majukumu ya mtu, kichwa ni kilekile kimoja.

Na neno daktari, je? Sijasahau siku ulipomtangaza yule msomi wa mawe kuwa daktari tu, na ibada ilipokwisha mama mmoja akampelekea mtoto mwenye kikohozi. Ulicheka mpaka machozi, halafu ukawasindikiza mwenyewe mpaka zahanati. Wengine wangecheka tu. Tangu siku ile hukutaja tena daktari bila kusema daktari wa nini. Ndivyo ulivyokuwa, Papa, na ndiyo sababu nilitaka kufanana na weye.

Basi Ngalula akaingia ibada imeshaanza, nikasimama. "Ngalula ni daktari wa elimu ya maji, si wa hospitali. Ni profesa. Iko na wanafunzi wake mwenyewe, na yeye asipokubali kazi yao, hawapiti." Sikumuongezea kitu, haki ya Mungu. Ulichukia kumpandisha mtu kama ulivyochukia kumshusha.

Mama Ngalula akainuka katikati ya ibada. "Rudilia," akasema. Nikarudilia. "Tena, mama. Polepole." Nikarudilia tena, neno kwa neno. Hakulia. Aliwageukia majirani waliokaa nyuma yake, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaketi, na Ngalula pale mbele ndiye aliyefunika uso kwa mikono.

Jioni yule mama alinipitia nyumbani na samaki wa kukausha. Nikamwambia asinishukuru minye, kazi hii ni yako, Papa, mimi niliiokota tu. Akanikatiza. "Ule muzee hakukufa bure," alisema. "Ameacha muntu." Papa, nililia kuliko siku ya mazishi.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sina tena wa kumuuliza, na hilo linaniuma kila siku. Lakini nakuahidi: nikiwa bado na pumzi, mtoto wa mtu hatasimamishwa pale mbele, mama yake akatoka bila kujua amezaa nani.

Mwanafunzi wako,
Béa