Tundu la Kulia Langu, la Kushoto la Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, ila kwanza ujue mimi ni mama mzazi wa mpishi wa hoteli, kijana ambaye wageni huacha sahani wakaenda jikoni kumpa mkono, na pua yake ndiyo kazi yake, sasa pua hiyo imeziba, uso unamuuma, juzi vitunguu viliungua mbele yake hakusikia harufu, bosi akamwambia apone au ahamie kuosha vyombo, basi nikachemsha majani ya mkaratusi nimfukize, nikamenya na kitunguu saumu cha kumtia puani kama alivyonifanyia marehemu mama, mkwe wangu naye, mtoto mzuri sina neno naye ila amesomea unesi basi hatulii, akaja na maji ya chumvi akauliza, "Mama, hayo yako nani ameyapima?" Nikamjibu nimeyapima kwa wanangu wote na hakuna aliyekosa pua. Tukabishana mpaka tukakubaliana tundu la kulia liwe langu, la kushoto lake, tuone. Mshauri, la kulia likafunguka kwanza. Mkwe akakataa matokeo, akataka turudie kwa kubadilishana matundu, mwanangu kusikia hivyo akabeba mto wake akahamia kwa rafiki yake mwoka mikate, simu hapokei. Nimrudisheje, na mkwe nimfanyeje akiri kuwa nimeshinda?

Mama Mpishi

Mama Mpishi, pole, na hongera kwa mtoto. Lakini hukushinda. Matundu ya pua ya watu wengi hupokezana yenyewe, moja likiwa wazi lingine linabana, kisha yanabadilishana. La kulia lilifikiwa na zamu yake tu.

Kitunguu saumu kirudi jikoni. Hakuna utafiti unaoonyesha kinazibua pua. Kinawasha, na kamasi zinazotiririka ukikitoa ni pua inajitetea. Mvuke unaliwaza kidogo, ila sufuria ya moto imeunguza mapaja ya wengi. Maji ya chumvi ndiyo yenye utafiti kiasi, yakichemshwa kwanza yakapoa, nayo husaidia tu, si muujiza. Mkwe asijivune: nesi anayegawana pua ya mume na mama mkwe, huyo darasani alikuwa amelala.

Maumivu ya uso yakizidi au homa ikipanda, aende kwa daktari, asisubiri zamu ya mtu.

Kesho nendeni wote wawili kwa mwoka mikate, mikono mitupu, mkamwombe radhi. Akiwafungulia, kaeni, mumuulize habari za kazi. Pua msiitaje mpaka aitaje mwenyewe.