Mtoto wa Mkonge

Shamba la mkonge, Muheza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naamini barua hii itakukuta umekaa nje na mwinjilisti, yeye anasoma na wewe unachambua maharage, maana najua mikono yako haipumziki hata siku ya habari njema. Miguu yako je, bado inauma asubuhi? Na mvua zimefika huko Vudee, au mnagombea maji ya mfereji? Mimi ni mzima. Mwinjilisti, tafadhali rudia hapo: ni mzima, jana nimetafuna hindi la kuchoma kwa meno yangu mwenyewe.

Maneno uliyonitumia kupitia kwa shemeji, mume wa dada Nakijwa, yalinifikia na yakaninyima raha. Umesema aliyemla Baba sasa ananitafuna mimi, na kwamba baada ya mavuno wazee watakaa wamtoe Baba Mkubwa kwenye ardhi ya ukoo. Mama, nakuomba uwazuie wazee. Nisikilize kwanza.

Ni kweli niliumwa. Fizi zilivimba zikawa zinatoka damu kila nikitafuna, meno yakaanza kucheza, miguu ikatoka madoa meusi, na kidonda nilichopata kwa kuchomwa na mwiba kwenye ugoko kikakataa kufunga. Hata kisu cha kukatia mkonge nilikiona kizito. Niliogopa sana. Hivyo hivyo ndivyo Baba alivyorudi kutoka mashamba haya haya, akabebwa kutoka stesheni ya Same mpaka nyumbani, na hata wiki hakumaliza. Nami nikawaza kama unavyowaza wewe. Nikamkumbuka Baba Mkubwa na ule ugomvi wao wa zamu ya maji.

Sasa nikueleze habari za nanasi, tunda ambalo hujawahi kuliona. Huku Bonde, nchi ya Wabondei, linalimwa karibu kila kiunga. Majani yake ni marefu, magumu, yana miiba, na tunda linakaa katikati limejaa macho. Sisi Wapare wa kambi hii tulipoliona tu tulikata shauri: huyu ni mtoto wa mkonge. Na nani asiyejua utomvu wa mkonge unavyowasha? Basi tukawa tunapita kando, tunakula posho yetu ya ugali na maharage makavu, mboga hakuna, tunda hakuna, huku tukiwahurumia Wabondei kwa kula kamba ikingali mbichi.

Kuna mjane mmoja Mbondei, Bi Mwanaidi, anayeuza uji karibu na kambi. Siku moja akaniona natema damu.

"We Mpare, una nini?"

"Nimerogwa, Bi."

"Na nani?"

"Baba yangu mkubwa."

"Yuko wapi huyo?"

"Upareni, mlimani."

"Na nauli ya treni kapata wapi? Hebu kaa hapo."

Akamenya nanasi, akanikatia kipande. Nikamwambia mimi mkonge naukata, siuli. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekataa majani, akasema nisipokula hatanipimia uji tena. Nikala. Mama, ni tamu, halafu kali, likanichoma kwenye fizi mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake nikarudi mwenyewe.

Nikawa nakula kila siku, lakini si kabla ya uji, kwa kuwa Bi Mwanaidi anasema tumbo tupu haliliwezi. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Meno yakashika. Kidonda kikafunga, na ule ugali uliokuwa ukinilalia tumboni sasa unashuka vizuri. Wenzangu nao wameacha ubishi, wanapanga foleni na visu mkononi.

Nikaenda kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, nimuulize. Akasema mwili ukikaa miezi na miezi bila tunda wala mboga mbichi, fizi zinaoza, vidonda havifungi, na mtu anaweza kufa. Nanasi limenirudishia kile nilichopungukiwa. Nikamweleza ya Baba: meno, madoa, na miaka aliyokaa huku kwa posho tupu. Akasema, "Huyo alihitaji matunda. Hakurogwa."

Nilipotoka pale nililia, kisha nikajikuta nacheka peke yangu njiani. Nimefurahi kwamba sifi. Nimefurahi zaidi kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyemuua Baba.

Mzee Elinihaki wa Same anarudi kwa treni, nimempa mananasi mawili. Moja ni lako na Nakijwa. Menyeni mpaka macho yote yatoke, na kile kichwa chenye majani msikitupe, kipandeni penye jua. La pili ni la Baba Mkubwa.

Nisalimie dada yangu Nakijwa na watoto, umwambie shemeji nimepona. Mwinjilisti naye asante kwa sauti yake. Salamu zangu kwa Baba Mkubwa sitaki zipitie kwa mtu mwingine. Mpelekee wewe. Najua tangu tumzike Baba hujakanyaga kwake, na kina mama majirani watachungulia. Wachungulie. Akitoka nje, usianze na nanasi wala na maneno ya dresa. Anza na shikamoo.

Mwanao aliye hai,
Eliamani