Maziwa Aliyokatazwa Baba

Kasenga, Uvira, 10 Februari 1964

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Sisi huku tu wazima. Wasiwasi wetu ni tumbo lako. Tangu urudi milimani kutoka hospitali, umekonda vile, sijatulia. Nimemrudia Mama Félicité, yule mtaalamu wa lishe aliyekuangalia. Anasema kule kuhara damu kumechubua utumbo wako, na sasa maziwa ndiyo yanayokumaliza. Usiyaguse mpaka upone. Kula uji wa mchele, ndizi mbivu, na mchuzi wa ndagala, hawa dagaa wa ziwani, zilizosagwa.

Vyote nimempa Hatungimana, yule mchuuzi wa chumvi anayepanda huko kwenu. Najua samaki ni mwiko kwetu wafugaji. Kula hivyo hivyo, Baba. Naogopa kukupoteza.

Binti yako,
Umutesi

Itombwe, 2 Aprili 1964

Mwanangu Umutesi,

Hujambo, na wa kwako hawajambo? Ng'ombe wazima, mama yako mzima, ila amenuna. Mzee kunyimwa maziwa katika boma lake mwenyewe, nani amewahi kuona? Na chungu cha samaki hakiingii penye vibuyu vya maziwa, ng'ombe wasije wakakauka. Basi napika mwenyewe nyuma ya zizi, nimekuwa mpishi uzeeni. Mama yako anasimama mbali, ameziba pua: "Weye sasa iko muvuvi?"

Lakini mwambie Mama Félicité kwamba kuhara kumepungua na usingizi umerudi. Hivyo vidagaa vyenu vinanuka, na nimeanza kuvipenda. Usimwambie mtu.

Kinachoniuma ni majirani. Wananipa kikombe, nakataa, wanaondoka wakidhani nina kinyongo nao. Ni aibu kubwa kwa mtu wa ng'ombe. Hata hivyo neno lako nimelishika.

Baba yako,
Sebagenzi

Msituni, 21 Juni 1964

Mwanangu,

Je, mko hai? Tumesikia waasi wameshika Uvira. Huku nako walikuja watu wenye silaha kuchukua ng'ombe, tukakimbilia msituni na wale wachache waliobaki. Hatuwashi moto, moshi utatuonyesha. Mchele wako ninao mkobani, mbichi. Ndizi hakuna. Kilichopo ni maziwa tu: wote wanakunywa, nami nawaangalia.

Mama yako amegandisha mtindi kibuyuni. Ananiletea kila asubuhi akilia, "Onja kidogo tu, mume wangu." Namwambia mtoto amekataza, na mtoto amesoma. Zamani ningekunywa kwa ubishi tu. Sasa nimeona mwenyewe kwamba ulisema kweli, ndiyo maana nakutii.

Miguu hainibebi tena. Muulize Mama Félicité, pasipo moto, nile nini? Nangoja jibu lako.

Baba yako,
Sebagenzi

Kasenga, Uvira, 30 Agosti 1964

Baba,

Barua yako imenifikia leo. Njia zilifungwa, Hatungimana akakwama nayo miezi yote hii. Nimekimbia nayo kwa Mama Félicité. Ameisoma mara mbili, kisha akakaa chini.

"Ya kuganda angeweza," amesema. "Kidogo kidogo. Minye nilikataza yale mabichi."

Hakuniambia hivyo Februari, wala mimi sikuuliza. Nilikuandikia neno maziwa tu, nawe ukayaacha yote.

Kunywa, Baba. Kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni. Mpokee mama kibuyu mkononi mwake, asilie tena. Mimi niliyekukataza ndiye ninayekuomba. Moyo unaniuma mno, siwezi hata kuandika vizuri.

Hatungimana yuko mlangoni, anangoja barua hii. Amesema alipita tena kwenu kabla ya kushuka. Nimemuuliza anipe habari zako, akainama kufunga mzigo wake. Kisha akasema nisiwe na wasiwasi, ataifikisha na kumpa mama mkononi.

Nimemwambia barua hii ni ya Baba. Amevua kofia yake.

Binti yako,
Umutesi