Bafle ya Mlangoni

Papa, nakusalimia kutoka Goma, ambako mvua imekataa kuacha.

Jana mchana nilikuta filme zako! Hapa Mabanga kuna nyumba ya video, na walikuwa wanapiga moja ya zamani ya Kifaransa, yenye magari ya mashindano. Nilifumba macho kama ulivyonizoesha kule Butembo katika nyumba yako ya video, nikatambua kila gari kwa mlio wake: lile linalokohoa likipunguza mwendo, lile linalolia kwenye kona kama limechomwa.

Lakini bafle yao, spika kubwa kama yako, wanaiweka nje mlangoni, kama wewe, ili sauti iite watu. Na ng'ambo ya barabara wamelala wakimbizi wa vita vya Rutshuru. Tuliposikia makelele tukatoka, tukakuta wanakimbia kuelekea ziwani, sufuria kichwani, watoto mgongoni.

Mwenye video akazima filme, akawafuata mbio. "Ni filme tu! Murudi!"

Wengi walirudi. Mama mmoja alikalia godoro lake lililofungwa kwa kamba, akakataa kulifungua.

"Hata kule walituambia si kitu," alisema. "Nikabaki, nikaendelea kupika."

Sikumuuliza alikuwa anapikia nani. Mvua ilikuwa inamnyeshea, na macho ameyafumba, Papa, kama sisi, anasikiliza.

Ubaki na afya, ule vizuri, usipande ngazi na goti lile. Na watu wa huku wakianza kufika Butembo, ingiza bafle ndani.

Mutoto wako,
Kavira