Kaharabu ya Bibi

Uingereza,
4 Novemba 1968

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute hapo Msambweni ukiwa na afya, na lile goti limetulia. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi kwenye meno. Dada yangu Sidi, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea, nampa salamu nyingi. Mwambie asome polepole, maana ana haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Mama, kazi uliyonituma nimeimaliza. Sijasahau siku ya posa ya Sidi, uzi wa mkufu wako ulipokatika na punje moja ya kaharabu ikaangukia kwenye chetezo cha ubani. Badala ya kunukia, nyumba nzima ilinuka dawa. Shangazi Kahaso akasimama mbele ya wageni akasema kwamba kaharabu aliyokuachia Bibi umeiuza, ukajinunulia plastiki dukani, na kwamba yeye hatampaka Sidi singo ya harusi maadamu mama yake ni mwizi. Sasa harusi ni mfungo mosi, Ramadhani ikiisha tu, na najua tangu siku ile huendi kwa watu. Nilipokuwa nikisafiri ulinipa punje moja, ukaniambia niipime huku ambako hakuna anayekujua wala kukupendelea.

Basi sikiliza maajabu. Profesa wangu ni mzee mkimya, na nilipomweleza kisa chako hakucheka. Alikwangua punje ile, akatia unga wake kidogo katika mrija wa kioo ulionyonywa hewa yote, kisha akaupasha moto. Ni kama wachoma makaa wa Kinango wanavyofukia magogo kwa udongo. Kitu kikikosa hewa hakiwaki, bali huvunjika na kutoa kila kilichokuwa ndani yake. Kaharabu ya kweli ni utomvu wa miti, nayo ingenukia kama ubani. Profesa alipoufungua mrija, ilitoka harufu ile ile ya siku ya posa, ya dawa wanayooshea sakafu hospitalini. Ilikuwa plastiki, Mama.

Lakini Profesa akaniambia kuwa plastiki ya namna hiyo ni ya zamani, na asili yake ni makaa ya mawe, na makaa ya mawe ni misitu iliyokufa na kuzikwa kabla mwanadamu hajaumbwa. Akilini nilimwona Bibi akitwanga mahindi uani, na msitu mzima umemning'inia shingoni, asijue. Subhanallah, nilisema kwa sauti, na wenzangu wakageuka.

Likabaki swali ni lini plastiki hiyo iliingia nyumbani kwetu. Kaboni, ambayo ndiyo inayoyafanya makaa kuwa makaa, iko nyepesi na iko nzito, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hapa kuna mashine kubwa kama kabati la nguo, inazitenga na kusema kiasi cha kila moja. Kila mpiko wa plastiki, yaani ile iliyopikwa kiwandani kwa pamoja, una kipimo chake. Tulipima punje yako, kisha tukapima punje ya Shangazi. Vipimo vikawa sawasawa, na harufu ni ile ile. Profesa, ambaye hapendi kuapa, alisema haoni shaka kwamba zote mbili zimetoka katika mpiko mmoja.

Maana yake, Mama, hukubadilisha kitu. Bibi aliukata mkufu wake vipande viwili, kimoja chako na kimoja cha Shangazi, na vyote ni plastiki tangu Babu alipoununua mkufu huko Unguja. Cheti cha Profesa kimo humu. Ukimwonyesha Shangazi utasafika, lakini naye atajua anachovaa kila Idi. Hilo nakuachia wewe.

Utauliza punje ya Shangazi niliipataje. Sidi, msomee Mama na hili. Nilipokwenda kumuaga, Shangazi aliingia ndani kutawadha ili aniombee dua, nami nikafungua kisanduku chake, nikachomoa punje moja. Kisha nikainua mikono nikaitikia dua yake.

Wala hakuna aliyeniambia nilete punje ya pili. Niliichukua kwa sababu nilimsadiki Shangazi. Nilikuwa na hakika ya kwake itakuwa kaharabu na yako plastiki, nami nipate ushahidi. Wewe ulinikabidhi jina lako, nikavuka nalo bahari nikiwa nimeshakuhukumu. Mashine ilipotoa jibu Profesa alinipa mkono kunipongeza. Nilitoka nje nikalia. Mwizi katika nyumba yetu ni mimi, na niliyemwibia zaidi ni wewe.

Nisalimie Mjomba Dzombo na majirani wote wanaoniulizia. Usiponiandikia nitaelewa, lakini nitakuwa nikienda posta kila Jumatatu.

Mwanao, kama bado wanikubali,

Mwero