Kiti cha Begi

Wee Tessa, uko wapi? Kapteni wangu Lindqvist kaumbuliwa leo, na mimi nimefurahi. Nimefurahi vibaya!

Unakumbuka Machi, Denver? Yule Marisol, rubani wa videge vya lile shirika dogo, alikuja chumba cha marubani kutuomba lifti aende kumzika mama yake. Kiti cha ziada mle ndani kitupu! Lindqvist akamwambia, "Hicho cha begi langu." CHA BEGI LAKE.

Sasa leo theluji imefuta karibu safari zote za Duluth, na binti yake Lindqvist anaolewa huko saa kumi. Kimebaki kidege kimoja, nacho abiria wamejaa, labda kile kiti cha ziada cha kwa marubani. Akanunua boksi la chokoleti kama desturi yetu marubani tukiomba lifti, akavua kofia, akaingia kuomba. Mimi nyuma yake. Kapteni wa kidege ni nani? Marisol!

Akapokea chokoleti, akawagawia wahudumu wake. Na yeye akala. Taratibu!

"Mama walimzika bila mimi, Kapteni."

Lindqvist akamwambia: "Nakuomba, dada. Ni mwanangu."

Tessa, Marisol alinyanyua begi lake mwenyewe sakafuni, akaliweka kwenye kiti cha ziada, akalifunga mkanda.