Shaibu, Somoe Amekuchora na Ndevu

Shaibu, mwanangu,

Sijui barua hii naituma wapi. Mara ya mwisho ulipiga kwa namba ngeni, sauti inakatikakatika, ukasema mmeshavuka Tunduma, mko salama, utanitafuta ukipata laini ya huko. Huu ni mwaka wa nne. Namba ile nimeipiga mpaka mdogo wako akanifichia simu. Basi naandika, maana kukaa kimya nimeshindwa.

Nataka kukupa habari ya picha.

Mdogo wako Somoe yuko kidato cha pili, shule ileile uliyosoma wewe hapa Gongo la Mboto, na kama wewe amechagua somo la sanaa. Baba yenu alikataa kwanza. Alisema sanaa imeshamchukulia mtoto mmoja. Nikamwambia haikuwa sanaa, ni kukosa kazi. Ulichora vibao vya saluni na vya maduka ya dawa mtaa mzima, ukalipwa soda, mpaka rafiki yako akakwambia Afrika Kusini picha zinanunuliwa barabarani. Tangu uondoke baba yenu hajalitaja jina lako humu ndani. Akitaka kukusema anasema "yule".

Unakumbuka mradi wako wa kwanza, darasa la tano? Mwalimu alitaka mchore mazingira ya nyumbani kwa rangi, na rangi hatukuwa nazo. Tukakaa mie na wewe uani tukazitafuta jikoni. Njano tuliitoa kwenye bizari, nyekundu kwenye rozela, nyeusi kwenye mkaa, bluu ni ile ya kufulia. Kijani ndiyo ilitushinda. Ukatwanga matembele, ikapendeza kweli, lakini asubuhi majani yote ya mti wako yalikuwa ya kahawia. Mie nikataka kulia. Wewe ukasema utamwambia mwalimu ni kiangazi. Brashi je? Nilikuja kugundua siku ya harusi ya shangazi yako kwamba wigi langu limekatwa kwa nyuma. Nilikufukuza mpaka kwa jirani, huku nacheka.

Halafu ile ya kidato cha tatu, mlipoambiwa mchore mikono ya mtu anayefanya kazi. Ulikaa mbele ya cherehani yangu, nami nina sare za watu za kumaliza.

"Mama, usitikise mkono," ukasema.

"Nisipoutikisa mtakula nini?"

Ukachora hivyohivyo, mikono inakwenda, na picha ikatoka kama ina vidole vingi. Mwalimu Kessy aliisifu mbele ya darasa zima. Ilikaa ukutani kwetu hadi mvua za masika zikapita kwenye bati na kuilowesha. Niliianika kama nguo. Haikupona.

Sasa sikiliza. Muhula huu Mwalimu Kessy, huyohuyo, aliwapa wanafunzi kazi ya kuchora uso wa mtu kwa kumbukumbu. Hairuhusiwi kutazama picha ya simu wala mtu mwenyewe akae mbele yako. Kazi zote zingebandikwa siku ya wazazi. Wenzake Somoe wakachagua bibi zao na wachezaji mpira. Yeye akaja na karatasi yake ya manila, akaiweka kwenye meza ninayokatia vitambaa, akasema atamchora kaka.

Nilifurahi, nisikufiche. Nilisimama nyuma yake siku hiyo nikaacha kazi za watu. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye pua, nami namwambia hapo sawa, hapo punguza. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Mama, masikio ya kaka yalikuwaje?"

Shaibu, sikuyajua.

Niliyaosha masikio hayo. Niliyatia mafuta ya nazi yalipouma. Nimeyavuta ulipokosea. Nikasimama pale na mkasi mkononi, natafuta, napata sauti yako, napata namna ulivyokuwaga ukivua viatu bila kufungua kamba, masikio sipati. Nikamwambia Somoe aendelee na mdomo kwanza. Nikatoka uani, nikajifanya naanua nguo, nikauma kanga yangu ili asinisikie. Nilijiambia kama masikio yamekwenda, basi kesho yatakwenda macho, na mwisho nitabaki na mtoto asiye na sura.

Baba yenu aliporudi kazini nikamwuliza. Nilimwuliza wazi, kwa jina lako. Alikuwa ameshanawa mikono ale. Akaisogeza sahani, akatoka nje. Nikajua nimeharibu, chakula kitalala.

Akarudi na kipande cha plaiwudi na ile penseli yake ya useremala. Akakaa karibu na Somoe, akachora sikio moja, taratibu, kama anayepima bawaba. Akachora la pili. "La kushoto lilichomoza hivi," akamwambia. "La kulia lilikuwa limelala, maana alililalia tangu mdogo. Usiyachore sawa." Kisha akaenda kula.

Kumbe miaka yote hiyo mwenzangu anakuhifadhi, na mie nilidhani amekutupa.

Picha ikaendelea. Kila nikiitazama naona inakukaribia, mpaka siku moja nikarudi kutoka kununua zipu nikakuta Somoe amekuwekea ndevu. Ndevu kabisa, na mistari miwili hapa kando ya macho, na mashavu ameyapunguza. Nilimwambia afute. Nikamwambia huyo simjui, mwanangu aliondoka hapa kidevu kinang'aa.

Somoe ana ukimya wako. Aliweka penseli chini, akaniambia, "Mama, kaka akirudi hatakuwa yule. Namchora alivyo sasa, ili tusije tukampita njiani."

Niliketi nikamtazama yule mwanamume kwenye manila kama ninavyotazama mgeni aliyebisha hodi. Baada ya kitambo nikakuona. Ulikuwa umechoka.

Siku ya wazazi ulibandikwa darasani katikati ya bibi na wachezaji. Mzazi mmoja akamwuliza Somoe huyu ni nani, naye akajibu kwamba ni kaka yake, yuko safari. Mwalimu Kessy alisimama mbele yako muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. Aliniuliza kama mmewasiliana. Nilitikisa kichwa. Akasema hii picha isikae ukutani, mama, itembee.

Basi nikaitembeza. Nilitoa nakala steshenari, chini yake nikaandika jina lako na namba yangu, nikazipeleka Temeke kwenye yadi wanakolala madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Wengine walipokea, wakakunja, wakatia mfukoni. Mmoja alinicheka, akasema mama, picha ya kuchora? Nikamwambia ya kamera hatuna, hii ndiyo aliyonayo mdogo wake. Akaacha kucheka, akaomba mbili.

Wiki zikapita. Kila simu ya mteja wa sketi ilinipasua moyo. Halafu juzi Jumapili mchana, namba ya nje ikaita. Ni dereva. Alisema yuko mji mmoja wa Zambia, kuna kijana anaosha malori, amemlinganisha na karatasi, ndevu hizo, macho hayo. Akasema anampa simu niongee naye.

Nilikaa chini hapohapo mlangoni, Somoe kanishika bega, baba yenu kaacha randa lake uani na kusogea. Nikasikia mtu anapumua. Nikasema, "Shaibu?"

"Shikamoo mama," sauti ikasema. Lafudhi ilikuwa ya bara huko, si yetu. "Samahani, mama. Mimi siye."

Naye hakukata. Ningeweza kumlaani, mwanangu, nilikuwa na laana hapa kooni kwa kuwa hai na kutokuwa wewe. Kilichonitoka ni kumwuliza kama amekula. Akasema bado. Nikamwuliza kama mama yake yupo. Akasema yupo. Nikamwuliza lini amempigia.

Akasema ni muda, mama, sina kitu cha kumpelekea.

Nikamwambia, "Mpigie leo. Hataki kitu."

Akaitikia. Sijui kama alipiga. Nilimpa Somoe simu, baba yenu akaenda kwenye mbao zake, na randa halikusikika tena mchana ule.

Ndiyo ninayokuandikia, Shaibu. Nimemwambia mtoto wa mama mwenzangu, na sina njia ya kukwambia wewe. Kama ni aibu imekushika kwa sababu hukupata ulichokifuata, sie hatukukutuma kitu. Kama umefungwa mahali, tafuta hata askari mmoja mwenye mama. Kama unaumwa, sema, tutauza cherehani tukufuate. Na kama ni lile jambo ambalo baba yenu halisemi na mie silisemi, basi Mungu anijulishe, maana sala ya mtu aliye hai na ya aliyetangulia haziombwi namna moja, na mie kila nikiinua mikono sijui niombe ipi. Naziomba zote mbili. Nisamehe kwa hiyo ya pili.

Nifunge hapa, mteja amesimama. Watu wa huku hawajui jina langu nililopewa na wazazi, wananiita kwa lako. Wanaokuja kupima, wanaodai nguo zao, watoto wanaoniamkia wakienda madrasa. Kutwa nzima Shaibu anaitwa hapa mlangoni, na anayeitika ni mie.

Njoo uitike mwenyewe.

Mama Shaibu